Thrii ya 14: barua ya wazi kwa Baraza la Mitihani na Tume ya Vyuo Vikuu

Kwa Katibu Mtendaji, Baraza la Mitihani la Tanzania
Kwa Katibu Mtendaji, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Ndugu Makatibu Watendaji,

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali ni lile lile sebuleni, kwa wakala wa fedha na kwenye foleni ya daladala: "Kapata ngapi?" Jibu huwa fupi. Wani ya sita. Tuu ya kumi na moja. Thrii ya kumi na nne. Kwa mwenye wani, mazungumzo huhamia kwenye chuo na godoro la bweni. Kwa mwenye thrii ya kumi na nne huanza mazungumzo mengine, marefu, yanayofanyika usiku baada ya chakula, baba mdogo akiwa amepigiwa simu aje na shangazi akisikiliza kwa spika: mtoto arudie mtihani au asirudie?

Barua hii inahusu mazungumzo hayo. Haiji kulalamikia ugumu wa mtihani wala usahihishaji. Dai lake ni kwamba familia zinaamua jambo la mwaka mzima bila hesabu ambayo ofisi zenu mbili zinayo tayari. Nusu ya hesabu iko Baraza, nusu iko Tume, na nusu hizo hazikutani kwenye ukurasa anaoufungua mtahiniwa siku ya matokeo.

Tuanze na hiyo 14. Katika kupanga madaraja, Baraza huihesabu A kuwa pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa, General Studies ikiachwa kando, na mwenye jumla ndogo ndiye aliyefanya vizuri: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, 20 na 21 sifuri. Tume nayo ina kipimo chake, na kinakwenda kinyume. Kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1 na S nusu pointi. Hapa mwenye jumla kubwa ndiye bora, na yanayohesabiwa ni masomo mawili tu, yale yanayotakiwa na programu anayoiomba. Ili aruhusiwe kuomba shahada, mtu anahitaji prinsipo mbili, yaani alama kati ya A na E, zenye jumla ya pointi 4.0.

Sasa wachukuliwe vijana wanne wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), darasa moja, shule moja, wote wakiwa na thrii ya 14. Wa kwanza ana D, D na S. Wa pili ana C, E na S. Wa tatu ana C, D na F. Wa nne ana D, E na E. Kwa Baraza hawa wanalingana. Kwa Tume, watatu wa mwanzo wana pointi 4, 4 na 5, na wanaweza kuomba shahada mradi masomo yao mawili yawe ndiyo yanayodaiwa na programu. Wa nne, ambaye hakuanguka somo hata moja na ana prinsipo tatu kamili, ana pointi 3. Mwenye F anaingia, yeye anabaki nje.

Nani atamweleza bibi yake hilo?

Kwenye tovuti ya Baraza, mbele ya namba ya kijana huyo kuna safu ya AGGT yenye 14, safu ya DIV yenye III, kisha masomo na herufi zake. Hakuna mahali panaposema kwamba amepungukiwa pointi moja kuingia chuo kikuu. Atalijua hilo akianza kujaza maombi, au akiambiwa na rafiki, au akilisoma kwenye mwongozo wa udahili wa Tume, kitabu cha mamia ya kurasa kilichoandikwa kwa Kiingereza. Wapo wanaolipa ada za maombi kwenye vyuo viwili vitatu kabla ya kulijua.

Na pointi hiyo moja ndiyo moyo wa swali la kurudia. Kwa huyo wa nne, kazi iliyo mbele yake ni somo moja na herufi moja: E moja igeuke D. Mwenye E tatu, ambaye Baraza linamwandikia 15 na bado yumo daraja la tatu, anahitaji E moja ipande hadi C, au E mbili zipande hadi D. Mwenye E, S na S ana 17, naye ni thrii vilevile, ila hana hata prinsipo ya pili. Hawa watatu wanatofautiana mbali mno, lakini mtaani wote huambiwa neno moja: "Rudia." Au huambiwa kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, methali ambayo kila mhitimu aliyeteleza ameshaisikia mpaka kaichoka. Ni methali nzuri. Haimwambii mhunzi arudi kwenye koleo lile lile au atafute jingine.

Kibaya zaidi ni kalenda. Matokeo hutoka Julai. Awamu ya kwanza ya maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa Julai hiyo hiyo. Dirisha la mikopo nalo huwa wazi. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa mtihani wa Mei unaofuata huanza majira hayo hayo, na ada yake katika miaka ya karibuni imekuwa Sh. 50,000, ikipanda hadi Sh. 65,000 kwa aliyechelewa. Halafu mhusika mwenyewe mara nyingi hayupo nyumbani. Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, yaliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, huwaita wahitimu wa kidato cha sita kambini kuanzia karibu na Juni kwa miezi mitatu. Kijana yuko Ruvu, Oljoro au Bulombora anakimbia mchakamchaka wakati mjomba wake anafungua matokeo kwenye simu na kikao cha familia kinaanza bila yeye. Anaporudi Septemba, mara nyingi ameshaamuliwa.

Anaamuliwa kwa hoja gani? Nyingi zinahusu aibu. Jirani mtoto wake kapata chuo. Shule aliyosoma ilikuwa ya ada kubwa. Binti akikaa nyumbani mwaka mzima wataanza kuja wachumba, na wapo wazazi wanaomsukuma arudie mtihani ili tu waonekane wana jibu la kuwapa wageni hao. Hoja ya pointi na ya programu anayoitaka mtoto huja mwisho, kama ikija.

Baraza na Tume zingeiweka hoja hiyo mbele, mengi yangekaa sawa, kwa sababu kurudia siyo njia pekee. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi ya mwaka mmoja kwa wenye angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, yaani hata mwenye E na S. Anayemaliza kwa wastani wa GPA 3.0, akiwa na angalau C katika masomo matatu ya fani yake, anatambuliwa na Tume kuwa na sifa ya kuomba shahada. Njia nyingine ni stashahada katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET, ambako GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne humfikisha mtu kwenye udahili uleule.

Zipigwe hesabu za muda. Anayerudia hujisajili mwaka huu, hukaa chumba cha mtihani Mei ijayo, hupata matokeo Julai na kuingia chuo mwishoni mwa mwaka huo. Aliyechagua programu ya msingi, akienda bila kukwama, huingia chuo majira hayo hayo. Kinachowatofautisha ni aina ya kamari. Wa kwanza anaweka mwaka wake juu ya karatasi chache za Mei. Wa pili ana kazi na mitihani inayogawanyika mwaka mzima, ila analipa ada ya chuo badala ya ada ndogo ya usajili. Wa stashahada huchukua muda mrefu zaidi, lakini anatoka na cheti cha kazi hata kama shahada haikuja.

Mwandishi wa barua hii ana msimamo, na ausema. Mwenye D, E na E anayejua ni somo gani lilimwangusha, na kwa nini, ana sababu nzuri ya kurudia somo hilo. Mwenye E tatu, ambaye masomo yote yalimshinda kwa kiwango kile kile, hana sababu ya kuamini kwamba mwaka wa kujisomea nyumbani utafanya kile ambacho miaka miwili ya shule haikufanya. Kwake programu ya msingi ni njia yenye akili zaidi. Na anayetaka udaktari ni kesi ya peke yake. Programu hiyo inadai prinsipo tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa hiyo mwenye PCB aliyepata S ya Fizikia anaweza kuwa na pointi za kutosha kusomea ualimu wa sayansi huku udaktari umefungwa kabisa. Huyo ama anarudia Fizikia, ama anasomea stashahada ya utabibu, miaka mitatu, na kurudi kuomba udaktari akiwa tayari ni tabibu anayeweza kuajiriwa. Yupo atakayeona miaka mitatu ni mingi. Yupo ambaye nyumbani kwao mshahara wa tabibu ni habari njema kuliko shahada ya baadaye. Uamuzi ni wao. Kinachotakiwa ni waufanye wakiwa na hesabu mkononi.

Kuhusu anayerudia, ofisi ya Baraza inajua kuliko yeyote anaingia katika mazingira gani. Namba yake iliyoanza na S, ya shule, sasa inaanza na P. Hana mwalimu wa zamu wala kengele ya maandalio ya jioni. Hana alama za maendeleo ya darasani za kumbeba, kilichobaki ni mtihani wenyewe. Akiwa wa sanaa anaweza kujipanga: vitabu, maswali ya miaka iliyopita, tuisheni ya jioni. Wa sayansi ana tatizo lisilotatuliwa kwa bidii peke yake, nalo ni mtihani wa vitendo. Huwezi kufanyia mazoezi titresheni jikoni. Vituo vya tuisheni vya mitaani vingi vina ubao, chaki na mabenchi, maabara hakuna. Wapo watahiniwa wanaoshika bureti kwa mara ya kwanza tangu wamalize shule siku ile ile ya mtihani, kisha wanaonekana wamezembea.

Jambo lingine dogo. Baraza huchapisha kwa kila somo taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa: swali lilitaka nini, wengi walikosea wapi, na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Kwa anayerudia hakuna kitabu chenye thamani kuliko hicho, na ni bure kwenye tovuti. Walimu wanazijua. Mtahiniwa wa kujitegemea aliyeko Masasi au Kibondo, aliyejisajili kwa simu na kupewa namba ya malipo, hana wa kumwambia kuwa zipo. Kwa nini mfumo wa usajili usimpe papo hapo taarifa za masomo aliyojisajilia?

Linaweza kuja jibu kwamba Baraza kazi yake ni kutahini, na udahili ni wa Tume. Kisheria ni kweli. Lakini ofisi zote mbili zipo chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na vyuo huhakiki matokeo ya waombaji kwa namba zao za mtihani, kwa hiyo takwimu tayari zinasafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Zinapita juu ya kichwa cha mtahiniwa.

Wala isisemwe kwamba mfumo hauguswi. Umeguswa mara nyingi. Mwaka 2014 alama ya B+ iliingia, ikafuata GPA iliyochukua nafasi ya madaraja, kisha madaraja yakarudi. Ndiyo maana mwongozo wa Tume hadi leo una makundi matatu ya wahitimu: waliomaliza kabla ya 2014, wa 2014 na 2015, na wa kuanzia 2016. C ya mwaka 2015 ina pointi 2 na C ya mwaka 2016 ina pointi 3. Mtu mzima aliyemaliza mwaka 2015, ambaye leo ana familia na anafikiria kurudi kwenye chumba cha mtihani, lazima kwanza ajue herufi zake za zamani zinasomwa kwa kipimo kipi; wengi hudhani ni hiki cha sasa. Na Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, mazoea ya miaka mingi yaliyokuwa yakijaza kurasa za mbele za magazeti. Taasisi iliyoweza hayo haishindwi kuongeza safu moja.

Kenya ilitangaza mwaka 2025 kwamba itaweka mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, wa Julai kwa wanaorudia, wasisubiri hadi mwisho wa mwaka. Hapa kwetu wapo watakaoomba kitu kama hicho, mtihani wa pili wa kidato cha sita, labda Novemba. Barua hii haiombi. Mtihani wa taifa unagharimu utungaji, uchapaji, usafirishaji chini ya ulinzi, usimamizi na usahihishaji, na ni vigumu kumshawishi mtu wa Hazina kulipia yote hayo mara mbili kabla ya kufanya yale yasiyo na gharama.

Yanayoombwa ni haya. Kwanza ni hiyo safu: kwenye matokeo ya kila mtahiniwa wa kidato cha sita, pembeni ya AGGT na DIV, ziandikwe pointi za Tume za masomo yake mawili bora, na kama hazifiki 4.0, iandikwe amepungukiwa ngapi. Bado ataangalia programu gani inadai masomo gani, lakini kikao cha familia kitaanza na namba sahihi.

La pili ni gumu kidogo, na pengine ndilo muhimu zaidi. Baraza linapotangaza matokeo hutenganisha watahiniwa wa shule na wa kujitegemea. Lakini hao wa kujitegemea wamechanganyika: yupo aliyerudia somo moja, yupo aliyerudia yote, yupo anayefanya kidato cha sita kwa mara ya kwanza akiwa kazini. Anayefikiria kurudia hajifunzi chochote kutokana na jumla hiyo. Anachohitaji kujua ni hiki: kati ya waliokuwa na E ya Historia mwaka juzi wakairudia, wangapi walipata D au zaidi, wangapi walibaki pale pale, wangapi walishuka? Baraza lina namba za mtihani za zamani na mpya za watu hao. Jedwali la ukurasa mmoja kwa kila somo, bila jina la mtu, lingetosha. Kama litaonyesha kuwa wengi hupanda, vijana watajisajili wakijua wanachokifuata. Kama litaonyesha kuwa wengi hubaki pale pale, kuna wazazi watakaoacha kumlazimisha mtoto apoteze mwaka, na kuna vituo vya tuisheni vitakavyoulizwa maswali.

Tume nayo inaombwa itoe kwa Kiswahili kurasa chache za mwongozo wake, zile za sifa za chini za kuomba, programu ya msingi na stashahada, zikiwa na mifano ya herufi kama ile ya vijana wanne wa HGL. Si lazima kitabu kizima. Zitoke siku ile ile ya matokeo, si wiki mbili baadaye, na zitumwe pia kwenye kambi za JKT, ambako wahitimu wamekusanyika kwa maelfu mahali pamoja. Afisa mmoja wa Tume akizungumza nao saa mbili kwenye uwanja wa gwaride atafikia watu wengi kuliko maonesho ya vyuo ya wiki nzima mjini. Awaeleze na suala la mkopo: miongozo ya karibuni ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikitaka mwombaji awe amehitimu ndani ya miaka mitano, kwa hiyo anayerudia mara ya pili na ya tatu anapaswa kujua muda huo unakwenda.

Kuhusu maabara, Baraza linajua kila Oktoba ni watahiniwa wangapi wa kujitegemea wamejisajili kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na katika vituo vipi. Vituo hivyo vingi ni shule za sekondari zenye maabara zinazofungwa kwa kufuli wakati wa likizo. Wiki mbili za likizo ya Desemba, mwalimu mmoja, fundi sanifu wa maabara mmoja, na mchango wa kemikali kutoka kwa watahiniwa wenyewe, vingewawezesha kufika Mei wakiwa wameshika vifaa kwa mikono yao. Waraka wa kuruhusu hilo ungehitaji sahihi ya Wizara, na usajili ujao hauko mbali.

Wenu,
Mwandishi

Nakala: Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Mkurugenzi Mtendaji, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, Mkuu wa JKT.